Koti la Pamba Kwenye Ukungu wa Mpale

Mpale, 9 Machi 1970

Shikamoo baba. Mie sijambo, ila kikohozi hakitaki kuniacha. Wewe na wadogo zangu je? Huku ukungu unaingia hadi chini ya kitanda. Daktari kasema kichomi kikinirudia atanishusha bondeni, na akina mama wa huku watabaki bila mkunga. Baba, sitaki kushuka! Nitafutie koti la nailoni pale Korogwe.

Mwanao, Zamda

Handeni, 28 Machi 1970

Marahaba mwanangu. Sisi wazima, roho zetu tu ndizo ziko huko kwako. Nailoni ni ya kufunikia magunia! Ukipanda nayo mlima utaloa jasho. Nimekushonea koti la pamba, kaki nzito iliyofumwa ikakazana, tabaka mbili, nikaipaka nta ya nyuki kwa pasi ya mkaa. Mvua itateleza. Ila maji ya moto yasiliguse. Nimekwambia!

Babako, Mhina

Mpale, 3 Mei 1970

Shikamoo baba. Hamjambo hapo? Keti kwanza. Juzi akina mama walikuja kunifulia, ndiyo shukrani yao kwa mkunga. Mama Mashavu akalinusa koti, akasema lina uchafu wa asali, akalichemsha kwa majivu. Nta yote ikaelea juu ya sufuria. Nililia, baba, nao wakalia kwa aibu.

Lilipokauka tu nikaitwa kwa mama mwenye uchungu, mwendo wa saa mbili, mvua inamwagika. Sina koti jingine, nikalivaa hilo hilo. Likaloa, likawa gumu, likanielemea. Nikasema, kichomi hiki hapa. Nilipofika nikalivua: gauni kavu! Nikapapasa mabega, nikapapasa mgongo, kavu! Mama kajifungua salama, na mimi sijakohoa hata mara moja. Loo, baba, pamba inayokunywa maji imewezaje kuyazuia?

Mwanao, Zamda

Handeni, 19 Mei 1970

Marahaba Zamda. Tuna afya, ila umeninyima usingizi. Barua yako nimeisoma kwa sauti mara nne, wateja wakanicheka. Nikafunga kipande cha kaki ile ile, bila nta, juu ya bakuli, nikamimina maji. Yakadondoka matone machache, kisha basi. Uzi ulikunywa, ukavimba, ukaziba matundu yake wenyewe. Subhanallah! Miaka thelathini naikata pamba na sikuijua.

Nikuungamie jambo. Kifua chako kilinitia hofu, nikaandika barua kuomba uhamishiwe Handeni, bila kukuuliza. Unisamehe mwanangu. Haikutoka mezani kwangu. Leo nimeikata umbo la kola, niwe napimia. Niletee vipimo vya Mama Mashavu na wenzake wote, niwashonee nao makoti.

Babako, Mhina