Mchungaji Yotham Amehubiri Msibani Kwake

Thobias, nimejificha nyuma ya choo hapa Mlali msibani. Usinipigie.

Unaijua ile sauti ya Mchungaji Yotham niliyokuwa nawachekeshea bwenini. Leo nimewaigizia binamu zangu karibu na spika: "Bwana ameniambia mvua ni Jumamosi! Leteni mbuzi wa shukrani!"

Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa.

Mchungaji mwenyewe yuko kwenye jeneza, na turubai zima limeitikia "Amina". Wameitikia, Thobias. Mbuzi wao aliwala miaka yote, mvua hawajaiona, na bado bibi mmoja ametazama mawingu.

Baba, mzee wa kanisa, akaanza kuvua mkanda. Mjane akamtangulia kunifikia.

"Shikamoo, Mama Mchungaji."

"Marahaba. Umemwiga vizuri, ila umesahau kikohozi. Mume wangu hakudanganya watu bila kukohoa kwanza."

Bila kukohoa kwanza. Kasema mjane mwenyewe, macho makavu.

Akautazama mkanda wa baba, akachukua kipaza sauti, akakohoa.

"Wapendwa, msiogope. Hiyo ilikuwa rekodi ya marehemu."

Wakaitikia tena, "Amina". Baba peke yake hakuitikia, ndiyo maana niko huku nyuma ya choo.