Kura ya Moyo

Kwa Mama, mwenyekiti wangu wa kwanza, na makomredi wote mlioketi mezani kusikiliza: Baba, na mdogo wangu Spika, anayewasomea kwa ile sauti yake ya bungeni.

Nawasalimu kwa salamu za mapambano. Natumaini mgongo wa Baba umetulia, na kwamba cherehani za kiwandani hazijamchosha Mama macho. Mimi nipo, nasoma, napaza sauti. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mngenisikia ninavyohema.

Vita vyetu mnavijua. Hospitali ya chuo inafanya utafiti wa kulinganisha tiba. Wodi ya saratani wanapima kipi kitangulie, upasuaji au dawa. Wodi ya moyo wanapima njia mbili za kuziba tundu ambalo mtu huzaliwa nalo: kupasua kifua, au kupitisha kizibo kidogo kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Nani apate ipi? Huamuliwa kwa kura, kama inavyochezeshwa bahati nasibu. Bahati nasibu, makomredi! Nilipanda juu ya benchi mbele ya lango la hospitali nikauliza tangu lini uhai wa mnyonge ukawa mchezo. Umati ukajibu kwa kaulimbiu niliyoitunga mwenyewe: wagonjwa si karata! Mama, uliposikia habari hizo ulilia kwa fahari, ukasema marehemu kaka yangu, yule usiyependa tumtaje, sasa amepata wa kumsemea.

Wiki iliyofuata, katikati ya hotuba, pumzi ilinikatikia. Makomredi walidhani ni hamasa, wakapiga makofi. Aliyeshuka ngazi kunishika alikuwa profesa mwenyewe, kiongozi wa utafiti, mtu niliyekuwa nimetoka kumwita mcheza kamari. Alinipima mapigo kwenye kifundo cha mkono, kisha akasema matusi yanaweza kuendelea kesho. Leo niende nikapimwe moyo.

Spika, hapa punguza sauti, na Mama akae. Nina tundu moyoni. Nimezaliwa nalo, limekua nami, na upande mmoja wa moyo umeanza kutanuka kwa kubeba damu isiyo yake. Mwenzangu wa chumbani alisema kumbe ndiyo maana siri hazikai kwangu. Nilicheka hadi nikakosa pumzi tena.

Nilimuuliza profesa ipi ni bora, kifua au mshipa. Akajibu kwamba kwa tundu la ukubwa wangu, hajui. Nikawaka. Cheo chote hicho, na hajui? Akasema angejua asingekuwa na haki ya kunichezeshea kura. Angenipa iliyo bora tukamaliza. Nikamwona mwoga. Nikaenda kwa daktari mpasuaji, naye hata hakusubiri nikae: kifua, binti, usihangaike. Nikaenda kwa bingwa wa mishipa, akamcheka mwenzake, akasema yule angempasua hata paka aliyelala. Mshipa, dada yangu, niamini. Niliwauliza wote wawili wagonjwa wao wa zamani wanaendeleaje leo. Mmoja alitazama saa. Mwingine alisema wasiporudi, maana yake wamepona.

Wasiporudi! Mama, kaka yangu naye hakurudi.

Sina budi kuligusa jeraha hilo. Ulinisimulia jinsi midomo yake ilivyogeuka bluu, na jinsi daktari alivyosema apasuliwe siku ileile, bila shaka yoyote. Ukakubali, na hadi leo unajihukumu. Sisemi daktari yule alikosea. Nasema hakujua, wala hakujua kwamba hajui, na baada ya mazishi hakuna aliyeuliza. Mtoto aliyefuata akapokelewa kwa hakika ileile. Hiyo ndiyo dhuluma niliyopaswa kuipigia kelele. Badala yake nilimzomea mtu pekee aliyekuwa akiuliza.

Niliyasema haya mbele ya kamati yetu ya wanafunzi. Katibu wangu, tunayemwita Megafoni, aliuliza wamenilisha nini huko wodini. Wakanivua uenyekiti kwa kauli moja, kwa kelele nilizowafundisha mwenyewe.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niichane barua hii na kuianza upya. Nimejiunga na utafiti. Nimetia sahihi, kura imechezeshwa, na imeangukia kifua. Mama, mimi niliutaka mshipa, niliutaka kama mtoto anavyotaka pipi. Profesa alinikumbusha kwamba ruhusa ya kujitoa ninayo hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji, na hatanichukia. Sijajitoa. Naogopa, na sina hotuba ya kuifunika hofu hiyo. Sikukuuliza kwanza kwa sababu ungesema hapana, nami ningetii.

Baba, nakupa pole, maana najua utakayeamshwa usiku kujibu maswali ni wewe. Spika, wiki hii usimchokoze mtu. Wasalimieni majirani wote, lakini msiwaambie bado.

Upasuaji ni Jumatano asubuhi. Kikao chetu ni Jumanne, saa kumi alasiri, muda wa kuwaona wagonjwa, wodi ya moyo, ghorofa ya juu. Mama, njoo na hasira zako zote. Haki ya kujitoa bado ninayo, nawe unayo haki ya kuniomba nijitoe, ukiwa unanitazama usoni.

Ni mimi, mbishi wenu