Namvalisha Baba Watoto Sweta Mbili

Mpendwa mshauri,

Nisaidie, maana usingizi umenihama na kutulia siwezi. Mimi nina watoto wanne, watatu wanajitegemea, ila huyu kitinda mimba wangu ni moto wa kuotea mbali, yuko nje anasomea udaktari, na sisemi kwa kuwa ni wangu, hata walimu wake wanakiri. Sasa baba yao ana saratani, hospitali imesema tiba imefika mwisho tukae naye nyumbani, na muuguzi wa wagonjwa wasiopona huja kumwona, ametupa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, anywe kwa saa. Shida ni binti yangu huyo hupiga simu ya video kila jioni, nami nilimwambia baba ana vidonda vya tumbo tu, maana mtihani wa mwisho umekaribia na sitaki aanguke, kwa hiyo dawa ya alasiri naichelewesha asije akasinzia, namvalisha sweta mbili chini ya shati aonekane amejaa, namwegemeza kwenye mito, na binti anacheka, “Baba, mama anakunenepesha!” naye anatabasamu huku jasho linamtiririka. Jana simu ilipoisha akaniambia, “Mama watoto, nivue. Mwite mwanangu.” Nikamwambia tungoje mtihani. Akageukia ukutani, na tangu hapo hapokei hata maji mkononi mwangu. Nimwambie binti sasa, au nivumilie amalize?

Mama Daktari

Mama Daktari,

Pole sana, na hongera kwa binti. Lakini wewe mama! Mtu anaomba kumwona mwanawe, wewe unamvalisha aigize mzima? Unampenda, sikatai, na kuuguza si mchezo. Ila maumivu ya jioni si ya saratani peke yake, mengine unampa wewe. Dawa anywe kwa saa yake, binti apige simu asipige. Muuguzi akija mweleze ulichofanya, hatakumeza. Na kama dawa inamlaza mno, yeye ndiye wa kuipima upya, si wewe. Mtihani binti anaweza kuomba uahirishwe. Tena unamficha daktari! Akija kukuta matanga, akuulize baba alikuwa anatumia dawa gani, utamjibu nini?

Weka gazeti chini. Mpe mumeo dawa, umwombe radhi. Kisha mpigie binti sasa hivi, usingoje jioni, umwambie, “Baba hatapona, anakuita.” Akilia, usikate simu.