Diski ya Dada Mwajuma Imekataa Kufunguka

Dada Mwajuma,

Huko uliko nadhani hamsumbuki na umeme. Sisi huku Mandewa bado unakatika unapojisikia, na ukirudi unarudi kwa hasira. Ndio ulioiunguza kompyuta yako, wiki chache baada ya kukuzika. Diski ilipona. Nikaihamishia kwenye mashine mpya, nikasema Alhamdulillahi. Kumbe nilifurahi mapema.

Diski ile uliipanga kwa programu uliyoiandika mwenyewe, ili umeme ukikatika mafaili yasipotee. Duniani ni programu hiyo tu inayoweza kusoma kilichomo. Sasa imegoma. Kerneli, ule moyo wa mfumo ambao wewe ulikuwa ukiniambia "usiuguse bila kunawa", kwenye mashine hii ni toleo jipya. Nikiingiza programu yako, mashine nzima inaganda. Na humo ndimo zilimo hadithi za Bibi ulizomrekodi, pamoja na sauti yako. Picha zako tunazo. Sauti hatuna nyingine. Mama kila akinipa chai ananiuliza, "Bado?" Namjibu bado kidogo. Naogopa, Dada. Ulinifundisha vijiprogramu vya darasani, hukunifikisha ndani ya kerneli.

Niliyasoma maandishi ya programu yako mpaka macho yakauma. Nikashindwa. Nikaenda intaneti kafe, kule stendi, kuwaandikia wale mafundi wa ng'ambo wanaosaidiana mambo ya kerneli kwa barua pepe. Hao ni wakubwa zangu, nikajipanga. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga nikaandika: shikamooni, habari za nyumbani, mvua zimeanza huko? Mimi ni mdogo wake Mwajuma wa Singida, naomba kukaribishwa. Nikaishia hapo. Kwani huku kwetu nani anaingia kwa watu na shida mdomoni kabla hajakaribishwa? Nikasubiri. Kila siku naenda, kimya. Nikaanza kulaumu: watu gani hawa, hata salamu! Ungenicheka mpaka ukae chini.

Mwishowe mmoja akajibu, mstari mmoja tu: "Swali lako ni lipi?" Moyo ukashuka, nikaona nimefukuzwa. Kumbe ndiyo karibu yao. Nikamwaga yote, na programu yako nikaiambatanisha. Akaniandikia kwamba kwanza nisiandike chochote kwenye diski ile, nitoe nakala yake, nijaribie kwenye nakala. Kisha akanionyesha mahali programu yako inapoomba kazi kwa njia ambayo kerneli mpya imeiacha. Ni mistari michache tu ya kubadilisha. Akaongeza kwamba aliyeiandika alikuwa makini sana. Nikalia palepale kafeni, watu wakinitazama.

Jana nakala ikafunguka. Nikamwita Mama, nikabofya faili la kwanza. Akaanza Bibi kwa kukohoa, kisha wewe, kwa sauti yako ileile ya kuamrisha: "Mama, hebu zima redio, narekodi!"

Mama akainuka, akaenda kuizima. Redio haikuwa imewashwa tangu asubuhi. Akabaki amesimama pale, mkono juu ya kitufe, hakugeuka.

Hadithi nyingine bado hazijafunguka, hazikuingia vizuri kwenye nakala, na diski yenyewe imeanza kugongagonga ndani. Sina raha. Pumzika, Dada yangu. Sitaacha kuuliza mpaka umalize kusema yote.

Mdogo wako.