Anyitike, Uliyeamini Kwamba Chai Yangu Husimama Hewani

Mwaka umetimia, Anyitike, tangu tukuzike hapa Ipyana, pembeni ya migomba ya marehemu baba yako. Ninayesema ni mimi, mama yako Felista. Mdogo wako Lazaro ananiandikia.

Ulikuwa binti mpole tangu utotoni, ila mbishi kwa jambo ulilotaka kulijua. Hata ulipokuwa mwalimu wa chuo kikuu, ukija likizo ulivua viatu ukaanika kakao pamoja nasi, huku unauliza maswali.

Nilipopata kiharusi, mkono uliopooza ulipona, lakini nikabaki na tatizo nisiloweza kulieleza. Pikipiki niliiona mbali, kisha ghafla iko mbele yangu. Mpimaji wa macho alisema macho ni mazima. Lazaro alisema nazeeka. Kanisani waliniombea, na wengine wakanong'ona kwamba akili imeruka. Nikaacha kwenda sokoni. Mwisho nikaacha hata kusema ninachokiona.

Ulikuja Pasaka, ukamimina chai mbele yangu polepole.

"Mama, unaona nini?"

"Imesimama hewani kama mshumaa. Halafu naona kikombe kimefurika."

Hukucheka. Ulisema, "Nakuamini." Nililia siku ile kuliko siku niliyougua.

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako huko chuoni: kutengeneza programu ya kompyuta inayoiga jinsi ubongo unavyoona mwendo. Ulinieleza kwa punje za mpunga juu ya ungo. Seli za mwanzo za ubongo, kila moja huona kipande kidogo tu. Zilizo nyuma yake hukusanya vipande hivyo na kujua kitu kinaelekea wapi. Ulidhani kiharusi changu kimegusa hizo za nyuma.

Ukarekodi kwa simu bodaboda za barabara yetu, ukaondoka nazo. Baada ya miezi miwili ukapiga simu. Ulikuwa umezizima seli za nyuma katika programu yako, nayo ikaitambua pikipiki na mahali ilipo, ikashindwa kusema inakwenda upande gani.

"Mama, kompyuta yangu imekuwa kama wewe."

"Ipe pole," nikakujibu.

Ulicheka sana, kisha ukasema, "Siwezi kukuponya, Mama. Nimejua tu."

"Ndaga, asante mwanangu. Kujua kunanitosha."

Ulinifundisha kumimina chai kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa, na kuvuka barabara kwa masikio. Lazaro aliniomba radhi. Nikarudi sokoni.

Kisha ukapata saratani ya damu. Wiki tano tu, ukatutoka.

Siku ya mazishi watu wote walikutazama ukishushwa. Mimi niliona jeneza liko juu. Nikaliona tena liko chini. Katikati hapakuwa na kitu. Nikageuka nikuambie, maana mambo kama hayo nilikuwa nakuambia wewe. Sikuwa na mwingine wa kumwambia, na mpaka leo sina.

Majirani huniambia nizoee. Wao walikuona ukienda, Anyitike. Mimi sikukuona.

Unakumbukwa na mumeo Wilbroad, binti yako Prisca, mdogo wako Lazaro, na mimi mama yako. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.