Betri Aliyoinywesha Mama

Kaka Njiku,

Nakuandikia kutoka kivulini mwa lori lako, uani kwa mama, hapa Ihanja. Halijasogea tangu tukuzike. Mimi pia sijasogea.

Siku ya mazishi Baba Mkubwa alisema kazi ya marehemu haiguswi mpaka matanga yaanuliwe. Jembe lako likaingizwa ndani, lori likaachwa lilipo. Nikamweleza kwamba betri ikilala inakufa, kwamba injini lazima iungurume ili dinamo irudishe umeme. Akaketi juu ya madigadi. "Ninyi wa magazeti mna haraka hata msibani. Kaa chini, mwanangu." Nikakaa.

Kisha wazee wakaamua. Utingo wako Kidanka, kwa kuwa anajua kuendesha, achukue usukani. Mapato yamtunze mama. Mimi nirudi gazetini Dar es Salaam. Sharti ni moja: lori liwake. Lisipowaka, mtoto wa kiume aliyebaki ni mimi, na mama hawezi kulima peke yake. Sikubisha. Ningekuwa wao ningeamua vivyo hivyo.

Matanga yalipoanuliwa, Kidanka alizungusha hendeli mpaka shati likalowa. Bila betri lori hili halitoi cheche, unalijua. "Bwana Gazeti," akaniambia, "hebu lihoji wewe, labda litasema."

Tukafungua betri. Ilikuwa imejaa hadi mdomoni, na chumvi nyeupe imeganda kandokando ya vifuniko. Mama alisimama nyuma yetu, kata mkononi.

"Nimeinywesha kila asubuhi," alisema. "Njiku alikuwa akiinywesha. Nikasema, isife kiu na mwenyewe hayupo."

Alikuona ukiitia maji. Hakujua kwamba ulitumia ya mvua tu, uliyokinga kwenye bati la kanisa, kwa kuwa ya kisima chetu yana chumvi, na chumvi huila betri. Hukumwambia. Nani humweleza mama yake habari za betri?

Kidanka akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Nikamwambia mama kwamba dinamo imeharibika. Akatutazama, akaenda kusonga ugali.

Tuliifunga betri juu ya punda, tukaipeleka Singida kwa fundi Mhindi mwenye mashine ya kuchaji. Akaiunga, akangoja, akaichomoa. "Ndani imeliwa," akasema. Mpya hakuna, tangu vita vianze meli hazileti. Gari la Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, lenyewe linasukumwa na askari kila asubuhi. Na mhariri ameniletea salamu: meza yangu ina mtu mwingine.

Njiani kurudi nilikukumbuka ukinionyesha ule mshale mdogo mbele ya usukani. "Ukilala huku, dinamo inatulisha. Ukilala kule, tunakula akiba." Ulicheka nilipouliza akiba ikiisha inakuwaje. "Tunashuka, tunatembea."

Mimi sina pa kutembea. Kesho naanza shamba la bondeni; Baba Mkubwa amekwisha kunichongea mpini. Nina hasira, Njiku, na kila ninayemtazama hastahili kuipata.

Mama huuliza kama dinamo imepatikana. Nasema bado. Maisha yangu yote kazi imekuwa kueleza lililotokea, na nani alilitenda.

Pumzika, kaka. Kidanka ameapa, nami naapa kwako: mama atazikwa akijua kwamba ilikuwa dinamo.

Mdogo wako