Kufuli la Serikali Mbili

Mwamba Mweupe, Ngomeni
4 Septemba 2023

Mpwa wangu Safaa,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, ila goti langu limekuwa kama mbunge: nikilihitaji halipo.

Mwanangu Raiya ameingia mwezi wa nane wa mimba. Wajua yule wa kwanza tulimpoteza njiani, kabla hata pikipiki haijafika Gongoni. Sasa zahanati mpya ipo mkabala na mlango wetu, imepakwa rangi ikapendeza, na tangu mwaka jana imefungwa kufuli. Muuguzi hakuna. Tumeiandikia Serikali, kimya. Wewe wafanya kazi kaunti; hebu igutue hiyo Serikali.

Mjomba wako,
Alamin


Kilifi
11 Septemba 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole na goti.

Barua mumeandika "Kwa Serikali", basi? Mjomba! Serikali ipi? Ziko mbili. Ya taifa ina rais, na chifu wenu ni mtu wake. Ya kaunti ina gavana. Hii si mtumwa wa ile. Kila moja ina kazi zake. Zahanati ni kazi ya kaunti, kwa hivyo muuguzi ni wetu, ameshapangwa: Dorcas, yuko Gongoni angoja. Lakini jengo limejengwa kwa fedha za mfuko wa mbunge, na ufunguo hatujakabidhiwa. Uombeni ofisini kwa mbunge.

Mwanao,
Safaa


Mwamba Mweupe
20 Septemba 2023

Mpwa wangu,

Salamu, na za goti pia.

Nimekwenda. Ufunguo upo, ila utatoka siku ya kukata utepe, na mheshimiwa hataki kuukata pamoja na gavana. Watu wa gavana nao wasema mkasi ni wao. Sasa Raiya angoje mkasi?

Nikamwendea chifu. Akanambia, "Mzee Alamin, mimi ni serikali, lakini si serikali hiyo." Nikamjibu, "Basi na mimi nina mimba, lakini si mimba hiyo."

Wewe uliyesoma, niambie: juu ya hizi mbili, mkubwa ni nani? Nikamshitakie huyo.

Mjomba wako,
Alamin


Kilifi
27 Septemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Hata mimi nimechoka. Kila mlango nikibisha naambiwa "subiri".

Mkubwa ni nyinyi. Katiba, ibara ya kwanza: mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Hao wengine mumewaazima tu. Ndilo jibu, ingawa halifungui kufuli. Mpeleke Raiya mapema kwa mama, Muyeye, karibu na hospitali. Na tafadhali, mjomba, usifanye vituko.

Mwanao,
Safaa


Mwamba Mweupe
6 Oktoba 2023

Mpwa wangu Safaa,

Assalamu alaikum. Goti zima. Kidole ndicho kibovu.

Raiya alikuwa ameshafunga mzigo wa kwenda Muyeye, uchungu ukamtangulia. Nikaikumbuka ile ibara yako, nikashika nyundo. Pigo la kwanza nikajipiga kidole, kumbe mamlaka kuu hayana shabaha. La pili, kufuli chini. Kavumbi, kijana wa bodaboda hapa kwetu, akaruka na pikipiki kumfuata Dorcas. Nilidhani muuguzi ataniuliza barua ya ruhusa. Aliuliza maji ya moto.

Ni msichana, mzima, na sauti kama mkutano wa hadhara. Dorcas hajaondoka, maana kulipokucha wanawake walikuwa wamejaa barazani na watoto wao.

Jana wakaja, watu wa mbunge na gari lao, wa gavana na lao, chifu kwa miguu. Wamefura. "Nani aliyevunja kufuli?"

Mji mzima, na Raiya kitandani, tukajibu kwa pamoja: "Serikali!"

Wakatazamana. Kila mmoja akadhani ni mwenzake.

Mjomba wako,
Alamin